Bi Mkubwa Hajasalimiwa

Tusajigwe aliegemeza kiganja ukutani ili avute pumzi, na ukuta ukatetemeka.

Aliruka nyuma. Mvutano wa Mirihi ni mdogo, na mtu akiruka kwa woga huko huruka kwelikweli. Aliangukia mgongo mbali na pale alipokuwa, bunda la kebo likambingirikia kifuani, na taa ya kofia yake ikamulika juu. Hapo ndipo alipoona kwamba ule haukuwa ukuta. Barafu ilikuwa imeganda juu yake kama ukoko wa ugali sufuriani, lakini chini ya ukoko huo kulikuwa na chuma, na chuma hicho kilipanda, kikazidi kupanda, mpaka mwanga wa taa ukachoka kabla ya kukifikia mwisho. Meno ya kuchimbia yaliyokuwa karibu naye yalimzidi kimo. Moja kati yake lilikuwa bado linazunguka, polepole mno, kama mtu anayesaga nafaka huku mawazo yake yako mbali.

"Tusa! Mbona unahema hivyo?" Sauti ya Mzee Kagaruki, mkuu wa mitambo ya mji, ilimjia sikioni. "Umefika?"

"Nimefika."

"Enhe?"

Alitafuta neno. Kwa kawaida maneno hayakumpiga chenga Tusajigwe. Mjini walimwita mdomo wa Matema Mpya. Lakini pale, chini ya meno yale, alilipata moja tu.

"Mzee, ni mkubwa."

"Ndiyo maana akaitwa Bi Mkubwa. Unganisha waya urudi. Nimekuwekea chai, na chai ya siku hizi usiichezee."

Hilo halikuwa la utani. Matema Mpya yote ilikuwa inaoga kwa kitambaa kibichi. Mshipa wa barafu ambao wazee walijenga mji juu yake ulikuwa umebaki wembamba kama utepe, na visima viwili kati ya vitatu vilikuwa vinatoa vumbi. Bi Mkubwa alitumwa Mirihi miaka sabini iliyopita, kabla ya mtu yeyote, ili achimbe maji na wageni wakifika wakute cha kunywa. Wageni walipofika hawakumkuta. Walimtafuta, wakachoka, wakamhesabu kuwa amekufa, wakaanza maisha yao kwenye bonde lingine. Kisha, mwezi huu, wachimbaji wa mji wakatoboa ukuta na kutokea kwenye njia laini, ya mviringo, ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeichimba.

Tusajigwe alikwangua barafu kwa ncha ya bisibisi mpaka akaipata tundu ya mawasiliano. Ilikuwa ya mtindo wa kale, na plagi ya kuingia humo alikuwa ameichonga mwenyewe kwa tupa. Ilikaa. Alifungua kishikwambi chake, akaingia kwenye mipangilio ya mtandao na kuanza kazi aliyoifanya tangu atoke chuoni: kuchagua kifaa, kukipa anwani, kukionyesha Lango, yaani mtambo wa mji ambao kila kifaa lazima kipitie ili kiingie kwenye mtandao wa Matema Mpya, na kupitia huo, intaneti yote mpaka Duniani.

Alibonyeza *Unganisha*. Duara likazunguka kwenye skrini.

*Imeunganishwa. Haina mtandao.*

Sentensi hiyo iliwatesa babu zake Duniani, na ilikuwa imepanda chombo pamoja nao.

Alibadilisha anwani. Alibadilisha kebo. Aliondoa kila kitu, akaanza mwanzo.

"Umezima ukawasha?" Kagaruki aliuliza.

"Nizime nini, mzee? Huyu ana moyo wa nyuklia!"

"Nauliza tu. Mara nyingi husaidia."

*Imeunganishwa. Haina mtandao.*

Lakini alikuwa ameona kitu. Kila baada ya muda Lango hujitangaza kwenye nyaya zake zote: mimi ni fulani, nimezaliwa tarehe fulani, nipo. Kila tangazo hilo lilipofika kwenye tundu ile, taa ndogo ya manjano iliwaka juu yake na lile jino lililokuwa likizunguka likasimama. Lilisimama kwa kitambo, halafu likaendelea.

Tusajigwe alizuia pumzi. Alingoja tangazo lingine. Taa. Jino kimya. Chuma kizito kama nyumba ya ghorofa, kimetulia, kinamtegea sikio.

"Mzee," alisema kwa sauti ya chini, kama aliye ndani ya kanisa. "Anatusikia. Anatusikia ila hajibu."

"Kama hajibu, kwangu mimi amekufa. Moyo wake unapoa, binti. Wataalamu wamepima joto lake: wiki mbili, kisha barafu itapasua mabomba yote. Rudi tufikiri."

*

Kabla ya kwenda popote alipitia zahanati, kama alivyofanya kila siku tangu dada yake ajifungue.

Mtoto wa Sekela alikuwa njiti. Alizaliwa kabla ya wakati wake, mwekundu, mdogo kiasi kwamba kofia ya soksi ilimfunika mpaka kidevuni. Alilazwa kwenye kitanda cha joto chenye kifuniko cha kioo, na kitanda hicho kilikuwa kipya kuliko kitu chochote mjini: mafundi walikiunda wiki ile ile aliyozaliwa. Hakikuwa na ubongo wake chenyewe. Kompyuta ya zahanati ndiyo iliyokiambia, kupitia mtandao, ampe oksijeni kiasi gani na ampunguzie lini.

Tusajigwe aliingia mbio, kishikwambi mkononi, macho kwenye mistari ya kumbukumbu za Lango. Pembeni ya kitanda alikuwa ameketi Bibi Ngabile, mama mkwe wa Sekela, amejifunika khanga mbili juu ya suti ya joto.

"Bibi, Sekela yuko wapi?"

Kimya.

"Ametoka? Amekwenda kula?"

Bibi Ngabile alitazama ukuta.

"Bibi, unanisikia?"

Bibi alimgeukia yule mtoto ndani ya kioo. "Mjukuu wangu, umesikia kitu? Mimi nilidhani kuna mtu ameingia. Kumbe ni feni."

Tusajigwe aliona aibu ikimpanda masikioni. Aliweka kishikwambi chini, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu!" Uso wa bibi ulifunguka papo hapo kama dirisha. "Umeshindaje? Watoto hawajambo?"

"Sina watoto, bibi. Unajua."

"Huyu hapa ni wa nani? Wa dada yako ni wako. Nauliza tena. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, bibi. Na wa kwako?"

"Wa kwangu wazima. Haya, Sekela amekwenda kufua. Sasa unaona? Nilikuwa nakusikia tangu mlangoni. Lakini nianzeje kukujibu, wakati hujanisalimia? Mimi ni rika lako?"

Tusajigwe alikuwa tayari ameinama kuchukua kishikwambi. Mkono ulibaki hewani.

*Nilikuwa nakusikia tangu mlangoni.*

"Bibi," alisema taratibu, "mtu akikaa bila kukusalimia, utanyamaza mpaka lini?"

"Mpaka atakapokumbuka mimi ni nani."

"Hata miaka?"

"Kuna shemeji yangu nilimnyamazia mpaka akazikwa."

Tusajigwe alicheka kwa nguvu mpaka nesi akachungulia. Halafu akatoka mbio.

*

"Hajafa," alimwambia Kagaruki. "Amenuna."

Mzee Kagaruki aliitua chai yake. Alikuwa Mhaya wa Bukoba kwa wazazi wake ingawa mwenyewe hakuwahi kuiona Bukoba. "Waitu! Mashine inanuna?"

"Nifungulie Adabu."

Adabu ndiyo sheria ambayo mashine zote za Mirihi huongea kwayo. Walioiandika walikuwa wachache, na walikuwa na tatizo moja kubwa. Mirihi ingejaa mashine zilizotoka viwanda vingi. Zikikutana, ipi itoe amri? Ipi igawe anwani? Duniani mambo hayo huamuliwa na makampuni. Wao wakataka yaamuliwe na umri. Mashine mbili zikikutana, kila moja hutangaza siku yake ya kuzaliwa. Ndogo husema *shikamoo*. Kubwa husema *marahaba*. Tangu hapo ndogo hufuta mipangilio na ramani zake, ikachukua za mkubwa wake. Maneno hayo waliyaandika hivyo hivyo, kwa Kiswahili, ndani kabisa ya msimbo, kwa kuwa hawakuona sababu ya kwenda kuazima kwa jirani wakati ya kwao yalitosha.

"Lango lina miaka thelathini," Tusajigwe alisema. "Kila kifaa kilichowahi kugonga hapa kilikuwa kidogo kwake. Kwa hiyo mafundi waliliwekea *Subiri*. Lisubiri kusalimiwa. Hakuna aliyefikiria kwamba siku moja mlangoni atasimama mtu aliyelizidi umri."

Kagaruki alikodoa macho. "Ana miaka sabini."

"Ana sabini. Amesoma umri wa Lango, akajua ni mtoto. Anasubiri mtoto amwamkie. Na mtoto anasubiri kuamkiwa. Wote wamekaa kimya, waya katikati, na sisi tunabadilisha kebo."

Mzee alijipiga paja. Halafu kicheko kikamkauka usoni, maana alikuwa mtu wa mitambo na alikuwa ameshaona kilichofuata.

"Lango likimwamkia," alisema, "yeye ndiye mkubwa wa mji."

"Ndiyo."

"Kila kifaa kitapoteza anwani. Kila kimoja kitasubiri kupewa mpya."

"Ndiyo."

"Kwa foleni ya umri. Wakubwa kwanza. Ndivyo Lango lilivyogawa siku zote. Mitambo ya hewa ni ya zamani, hiyo itawahi. Milango, joto, taa, sawa. Foleni nzima itachukua nusu saa, pengine zaidi. Na wa mwisho kabisa…"

Hakumalizia. Wote wawili walijua kilichokuwa kipya kuliko vyote Matema Mpya. Kitanda kikikosa amri, vali ya oksijeni hujifunga yenyewe.

"Nesi anaweza kumpa hewa kwa mkono," Tusajigwe alisema. "Kuna kile kifuko cha kubonyeza."

"Dakika chache, ndiyo. Mapafu ya mtoto yule ni kama ngozi ya kitunguu. Nusu saa nzima, mkono usichoke, usibonyeze kwa nguvu, usibonyeze kidogo?" Kagaruki alitikisa kichwa. Alivuta kibodi, akafungua ukurasa wa Lango na kuonyesha nafasi moja ndogo. *Tarehe ya kuzaliwa.* "Badilisha hapa. Lipe Lango miaka mia. Yeye ndiye atakayeamkia. Hakuna kifaa hata kimoja mjini kitakachoguswa, na tutakuwa naye mtandaoni kabla ya chakula."

"Na yeye atafuta kila kitu."

"Ramani zake, ndiyo. Lakini si maji yapo pale alipo?"

"Huenda. Huenda alipo pamekauka na maji yako kwingine alikokwishapita. Ramani ndiyo inayojua."

"Tutachimba tuone."

"Mzee, amekuwa peke yake gizani miaka sabini, anafanya kazi tuliyomtuma. Tumempata. Na neno letu la kwanza kwake liwe uongo, ili asahau yote?"

"Tusa." Hakupandisha sauti. "Na mimi nimelelewa. Nikimwona mama mtu mzima anamwamkia mtoto, mwili unanisisimka. Lakini huyu ni chuma, na yule wa zahanati ni mtu. Ukinipa nichague kati ya adabu na pumzi, nachagua pumzi, nalala usingizi."

Tusajigwe alivuta kibodi kwake. Aliandika *100*. Tarakimu tatu zikakaa kwenye nafasi yake, hazina kelele, hazina aibu. Kidole chake kikasimama juu ya *Hifadhi*. Alikumbuka jino lile likisimama katikati ya mzunguko wake. Alikumbuka pia kofia ya soksi.

Alizifuta.

"Nipe saa moja," alisema. "Si mtoto wangu wala wako. Nikamuulize mama yake."

"Na akikataa?"

"Akikataa nitaandika mia mimi mwenyewe."

Kagaruki aliichukua chai yake, ilikuwa imepoa. "Ile Adabu ya mwanzo ilikuwa ndefu, unajua? Nikiwa kijana nilisaidia kuifupisha. Mashine mbili zilikuwa zinaamkiana mpaka mtu unasinzia. Tukabakiza shikamoo na marahaba basi."

"Kulikuwa na nini kingine?"

"Porojo. Nani anakumbuka? Nenda."

*

Sekela alisikiliza mpaka mwisho bila kuondoa macho kwenye kioo. Mikono yake ilinukia sabuni.

"Ukidanganya, mwanangu hana hatari?"

"Hana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Basi umekuja kufanya nini hapa?" Aligeuka. Sekela alikuwa mpole tangu utotoni, na hasira yake ilimtisha Tusajigwe kuliko meno yale ya chuma. "Ungekaa huko ukabonyeza vitu vyako, nisijue. Kwa nini unaniletea mimi?"

"Kwa sababu ningemfichia mwanao deni la maisha yake yote. Dada, kisima kimebaki kimoja. Nikidanganya, leo atapumua vizuri, na kesho tutaanza kuchimba kwa kubahatisha, na yeye ndiye atakayekuwa mkubwa katika mji uliobahatisha. Na kama tukipata maji, sawa, nitakuwa mjinga. Sijui. Nakuambia sijui."

"Ni mashine, Tusa."

"Ni mashine. Ndiyo." Alikaa chini sakafuni, karibu na magurudumu ya kitanda. "Lakini nilimwona. Ungemwona, Sekela. Ana kimo ambacho taa haifiki. Kila Lango likitaja jina lake anaacha kazi, anasikiliza. Anatungoja. Sijui kama anajua kwamba anangoja. Ila nimesimama chini yake nikajisikia kama siku ile ya kwanza mama alipotupandisha juu tuone nyota, unakumbuka? Ulilia."

"Wewe ndiye uliyelia."

"Basi tulilia."

Sekela alifungua kidirisha cha kioo, akaingiza mkono, akagusa kifua cha mtoto kwa ncha ya kidole. Kifua kilipanda na kushuka, kikapanda.

"Atakunywa nini huyu akikua?" alisema, na haikujulikana alikuwa anamuuliza nani. Halafu: "Nesi anibonyezee? Hapana. Nitabonyeza mimi. Mkono wangu ndio anaoujua. Nesi asimame aniambie nikikosea."

"Sekela…"

"Na ukikosea wewe, usije ukaniita dada tena. Nimesema mbele ya mama mkwe wangu."

Bibi Ngabile, aliyekuwa akisinzia kwenye kiti, au akijifanya, alifumbua jicho moja. "Na huyo bibi yenu wa chuma mwambieni namsalimu. Tuko rika moja."

*

Walitangazia mji. Kila mtu akae alipo, milango yote ifungwe kwa mkono, vifuko vya hewa vya akiba viwe karibu. Simu ya ukutani ya chumba cha mitambo iliachwa wazi ikiwa imeunganishwa moja kwa moja na zahanati kwa waya mkavu, usiopita kwenye mtandao. Sauti ya Sekela ilisikika akihesabu taratibu na nesi, bonyeza, achia, bonyeza, akijizoeza.

Tusajigwe alifungua mipangilio ya Lango. Kwenye nafasi ya *Subiri* aliandika *Salimia*. Hakugusa tarehe ya kuzaliwa.

"Sekela, uko tayari?"

"Fanya."

Alibonyeza *Hifadhi*.

Taa za chumba zikazimika safu kwa safu. Ramani ya mji kwenye skrini, ile iliyokuwa na nukta maelfu za kijani, ikafifia kuanzia pembeni, kata kwa kata, kama mtu anayefunga maduka. Sauti ya feni za hewa, ambayo wote walizaliwa nayo na hawakuwahi kuisikia kwa sababu haikuwahi kukoma, ikakoma.

Kwenye skrini lilibaki neno moja, dogo, jeupe, likielekea kwenye waya.

*shikamoo*

Kwenye simu, pumzi za Sekela: bonyeza, achia.

Kwanza ilikuja sakafuni. Tusajigwe aliisikia kwenye nyayo, mtetemo mzito uliotoka mbali chini ya mji, ukapanda kwenye miguu ya meza mpaka kikombe cha Kagaruki kikaanza kugonga sahani. Kule mwisho wa njia ya mviringo, meno yote yalikuwa yanageuka.

*marahaba*

"Mungu wangu," Kagaruki alinong'ona.

Walingoja mitambo ya hewa iwe ya kwanza kuitwa. Haikuitwa. Badala yake mstari mwingine ukajiandika chini ya ule, taratibu, kwa mwendo wa mashine isiyokuwa na haraka na mtu.

*watoto hawajambo?*

"Hiyo nini?" Kagaruki alisogea mbele. Chini yake Lango likaandika kwa rangi nyekundu: *Ombi halifahamiki.* "Hiyo nini, Tusa? Lango halijui hiyo!"

"Mlilifupisha!" Tusajigwe alipiga kelele. "Hii ndiyo porojo!"

Alifungua msimbo wa kale wa Bi Mkubwa, ambao sasa ulikuwa wazi mbele yake, na macho yake yakapita kwenye mistari kama mtu anayepita kwenye nyumba ya bibi yake akijua kila mlango. Katika Adabu ya mwanzo, aliyekuwa mkubwa hakuanza na wakubwa wenzake. Aliuliza kwanza juu ya watoto. Swali lile lilitaka namba ya kifaa kimoja tu: kile kichanga kuliko vyote nyumbani.

"Sekela! Namba ya kitanda! Iko ubavuni, karibu na gurudumu!"

Bibi Ngabile ndiye aliyeisoma, kwa sauti kali, tarakimu moja moja, kwa sababu mikono ya Sekela ilikuwa na kazi. Tusajigwe aliziandika.

Bonyeza, achia. Bonyeza, achia. Bonye…

"Ya kijani!" Ilikuwa sauti ya nesi. Halafu ya Sekela, imekatika katikati: "Taa ya kijani, Tusa. Kimewaka. Anavuta mwenyewe. Anavuta mwenyewe, ndugu yangu."

Kwenye ramani yenye giza ya Matema Mpya, nukta moja ilikuwa imewaka. Moja tu, zahanati, mji mzima umelala kuizunguka. Kisha zikafuata nyingine, ndogo kabla ya kubwa: mashine ya wodi ya kukamulia maziwa ya mama, hita ya chekechea, jiko la shule. Feni za hewa zikarudi kuvuma, mwisho kabisa, kwa kuwa zingeweza kungoja. Kagaruki alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja.

Lakini kiashiria kwenye skrini kiliendelea kupepesa baada ya swali lile. Mtetemo sakafuni ulikuwa umetulia, na chini ya utulivu huo kulikuwa na kule kungoja ambako Tusajigwe alikujua sasa.

"Sasa anasubiri nini tena?" Kagaruki aliuliza. "Si amejibiwa?"

"Amejibiwa. Hajaulizwa."

Aliandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu hapakuwa na mashine mjini iliyobaki ikijua kuyasema maneno hayo.

*hawajambo. na wa kwako, hawajambo?*

Mstari ulipita. Bi Mkubwa alikuwa kama mtu aliyesahau kwamba swali hilo lipo duniani.

Kisha, nje ya mpaka wa ramani, mahali ambapo skrini ilikuwa nyeusi kwa sababu hakuna aliyewahi kufika, ikawaka nukta ya bluu. Ikawaka nyingine. Zikawaka kumi kwa mstari, mstari ukapinda, ukagawanyika. Ramani ililazimika kujipunguza ili zienee, ikajipunguza tena, mpaka Matema Mpya yote, pamoja na visima vyake na zahanati yake, ikawa doa moja la kijani pembeni mwa skrini. Zilikuwa mamia. Mashine ndogo, kila moja imeundwa na mama yao kwa chuma alichokichimba, kila moja na njia yake chini ya mabonde ambayo hayana majina, na katikati ya njia hizo, kwa rangi ya bluu iliyokolea, maji. Hapakuwa na mshipa pale. Palikuwa na bahari, imegawiwa vyumba vyumba, imefunikwa, imewekwa tayari kwa wageni.

Na nukta zile zikaanza kuamkia. Zote zilikuwa ndogo kwa Lango, zilijua. *shikamoo*, *shikamoo*, *shikamoo*, skrini nzima ikitiririka, na Lango, likiwa limerudiwa na akili yake, likijibu kila moja. Mzee Kagaruki alisimama, akavua kofia yake ya kazi, akaishika kifuani, machozi yakimshuka bila yeye kuyashughulikia.

Ya mwisho ilichelewa. Ilikuja kutoka mbali kabisa, ukingoni mwa bluu, na umri wake ukajitangaza kabla yake: kuzaliwa, leo.

*shikamoo*

Lango lilitaka kujibu. Tusajigwe aliliwahi.

*marahaba, mwanangu,* aliandika. *umeshindaje?*